Kisu Chini ya Mashua

6 Februari

Mwanangu Fundi,

Marahaba. Najua ungeanza kwa shikamoo, kwa hiyo nimeitikia mapema. Hapa tunaendelea. Dada yako, binti yangu, amepandishwa cheo pale maabara, na tangu siku hiyo anatembea na funguo kiunoni kama askari jela. Stoo imefungwa, kabati la dawa limefungwa, na juzi nimekuta kisu kikubwa cha jikoni kimewekwa juu ya kabati nisikokifikia. Anasema mikono yangu inatetemeka. Inatetemeka kweli, lakini haijawahi kumkata mtu. Paka wa jirani amezaa ndani ya kikapu changu cha nguo. Miguu inavimba jioni, asubuhi inarudi. Basi, habari zimekwisha.

Utauliza kwa nini sipigi simu. Simu huishika dada yako, huweka sauti ya kusikika nyumba nzima, halafu hujibu maswali yako kabla sijayasikia. Karatasi haina tabia hiyo.

Sasa sikiliza. Nataka unitafutie kikata kamba, kile cha kufunga kwenye shafti mbele kidogo ya propela: duara la chuma lenye makali, vipande viwili vinavyokumbatia shafti na kukazwa kwa boliti. Kamba ikijizungusha kwenye propela, inakatwa kabla haijaisonga injini. Mjini kwenu vipo. Huku wananiambia niagize, kisha wanacheka.

Unakijua kile kipande cha mlangoni mwa bandari, ukuta unapokata upepo, matanga yakalegea na mtu akalazimika kuwasha injini. Hapo hapo ndipo mtega madema anapotandaza kamba za mitego yake kama anayeanika nguo. Marehemu mume wangu alikuwa akishuka majini na kisu changu cha mkate kila tuliponaswa, nasi tukala mkate wa kumega wiki nzima. Wewe ulishuka mara moja, ule mwaka wa msiba. Hilo tuliache.

Vipimo: shafti ni milimita ishirini na tano. Nafasi kati ya propela na bushi inayoshikilia shafti ni upana wa vidole vitatu ukihesabu na zinki, na zinki yenyewe imelika, imebaki kama biskuti iliyochovywa chai. Kwa hiyo nafasi ipo tele.

Usiwe na wasiwasi. Mashua iko nchi kavu pale yadini, juu ya magogo, kama kikao cha familia kilivyoamua. Nataka tu iwe kamili. Kitu kikiwa kamili huzeeka vizuri.

Shangazi yako

*

2 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako ilinikuta nimefunga kidole kitambaa. Nilikibana kwenye jiriwa kama mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Kimeshapona. Bado nakaa juu ya duka la betri, na mwenye nyumba bado anapika kwa redio ya juu kabisa. Kazi ipo: meli mbili za mizigo na kivuko kimoja kisichotaka kutengenezeka. Mwambie dada hongera.

Kuhusu kikata kamba, naomba tutulie kwanza.

Kwanza, mashua iliyo juu ya magogo haihitaji kisu. Haina kamba ya kukata isipokuwa ya kuanikia nguo. Pili, vile visu havikati kila kitu. Kamba nene ya nailoni ikijikunja vibaya, inabana pale pale na unabaki na fundo na kisu pamoja. Tatu, fikiria dema. Ukikata kamba, boya linaondoka na dema linabaki chini, linaendelea kutega bila mwenyewe. Samaki anaingia, anafia humo, anakuwa chambo cha mwenzake. Miezi na miezi. Na nne, marehemu Mzee alikuwa na sheria yake: anayekata, anaunga. Alishuka, akakata, akaunga ncha mbili, boya likarudi kwa mwenye mali. Chuma hakijui kuunga.

Halafu duka ninalolijua limefungwa kwa ukarabati. Nitaangalia baadaye.

Pumzika, Shangazi. Weka miguu juu ya mto.

Mwanao,
Fundi

*

9 Machi

Mwanangu,

Paka wamefumbua macho. Mguu nimeuweka juu ya mto kama ulivyoagiza na umevimba vilevile, tofauti ni kwamba sasa nauona vizuri.

Barua yako ina sababu nne na duka moja lililofungwa. Mtu mwenye sababu moja ya kweli hahitaji nyingine za kuisindikiza. Nimefundisha fizikia mpaka chaki ikaingia kwenye mapafu, na katika miaka yote hiyo mwanafunzi aliyenipa maelezo marefu kuliko wote ndiye aliyekuwa hajasoma.

Lakini ya madema nimeichukua, maana ni ya kweli. Nimekwenda mwenyewe hadi gatini kumwona mtega madema. Alikuwa ameketi juu ya ndoo akishona wavu.

“Mwalimu,” akaniambia, “na wewe na mashua yako ya magogo! Kamba zangu zinakuwashia nini?”

Akacheka, sijui kwa nini. Nikamwambia kamba zake zinaelea njiani kama nywele kwenye supu.

“Sasa nizifanyeje? Nizisuke?”

“Zifunge risasi. Kamba yenye uzito inazama, inasimama wima chini ya boya lake. Nilikufundisha hilo kidato cha pili.”

“Kidato cha pili ulinifukuza darasani.”

“Ndiyo maana hukulisikia.”

Tukabishana mpaka wavu ukaisha. Mwisho tumekubaliana hivi: atafunga risasi kwenye kamba zote za mlangoni na kuusogeza mstari wake utoke kwenye njia. Kamba itakayoelea baada ya hapo ni uzembe wake, nami nikate. Ila nikikata, nichukue boya, nilitundike kwenye msumari wake pale gatini na kumwonyesha mahali, ili ashushe kulabu siku ile ile aliopoe dema lake kabla halijamfisha samaki bure. Anayekata anatoa taarifa. Mzee angekubali sheria hiyo, tena angejidai ameitunga yeye.

Sababu ya tatu na ya nne zimekufa. Ya pili ni ya woga. Ya kwanza niachie mwenyewe. Duka likifunguliwa, nijulishe.

Shangazi yako

*

11 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Mimi mzima. Kivuko kimetengenezeka.

Nilikaa na barua yako ya Februari mezani muda mrefu, maana kuna kitu ndani yake kilikuwa kinanichokonoa na sikujua ni nini. Nimekijua juzi, nikiwa nabadilisha zinki ya kivuko.

Zinki hailiki nchi kavu.

Kile kipande tunakifunga kwenye shafti ili maji ya chumvi yakile chenyewe, yaiache propela. Hiyo ndiyo kazi yake, kuliwa. Mzee alipofariki nilikibadilisha kwa mikono yangu kabla mashua haijapandishwa, kikiwa kipya, kinene kama sabuni ya mche. Juu ya magogo kingekaa miaka kumi bila kupungua. Wewe unaniambia kimebaki biskuti.

Nimepiga simu yadini. Karani akaniambia mahali pa mashua yetu pamewekwa tenki la maji la mtu, na kwamba mashua “ilishaondoka na Mwalimu.” Alisema kama anayesifu.

Dada anajua?

Irudishe juu, Shangazi, kisha tuzungumze. Mtu wa umri wako, peke yake, na moyo ule, na mikono ile. Nikikutumia hicho chuma nitakuwa nimekuchongea jeneza kwa vipimo ulivyonipa mwenyewe. Sitafanya. Unikasirikie utakavyo.

Fundi

*

15 Aprili

Mwanangu,

Umenikamata. Nimecheka mpaka dada yako akaja kuuliza kama ninakohoa. Nimewafundisha watoto wa watu kwamba metali duni hujitoa ili bora isalimike, halafu nimekaa na kalamu nikakuandikia ushahidi dhidi yangu. Umejifunza kazi vizuri. Ninajivunia, na nimekasirika.

Sasa keti nikuungamie, na usinikatize. Ndiyo faida ya barua.

Mashua iko majini tangu Septemba. Natoka nayo asubuhi, mara mbili kwa wiki hali ya hewa ikiruhusu. Dada yako anaamini niko kwenye kikundi cha mazoezi ya wazee pale kliniki. Ananisifu. “Mama, mazoezi yanakufaa, rangi imerudi.” Mtega madema ndiye hunifungulia kamba gatini, ndiyo maana alicheka nilipojifanya mtu wa magogo.

La pili. Sina ugonjwa wa moyo. Moyo ndilo jina tulilokubaliana nyumbani, kwa sababu watu wanaishi na moyo. Ni saratani ya ini, na imeshasambaa. Daktari ni kijana mpole. Alinichorea picha kwenye karatasi kama vile mimi ndiye mwanafunzi. Akasema kuna dawa itakayoninunulia miezi michache ya kulala. Nikamwuliza nikiiacha napata nini. Akasema miezi michache pungufu ya hapo, lakini ya kukaa wima. Nikachagua kukaa wima. Dada yako anajua nusu, na ile nusu nyingine anaijua pia ila hataki kuisema, ndiyo maana anafunga makabati.

La tatu halijawahi kutoka mdomoni mwangu. Nyinyi nyote mlimwita mume wangu Nahodha. Mlimvalisha kofia. Kikao cha familia kiliamua mashua ipandishwe kwa sababu “mwenyewe hayupo.” Mwanangu, mwenyewe nipo. Mume wangu hakuweza kuongoza hata beseni. Alikuwa akitapika kuanzia ukutani mpaka kisiwani, na alikuja kila safari kwa sababu nilipenda mimi. Kofia nilimnunulia ili apate kitu cha kushika. Usukani ulikuwa wangu tangu siku ya kwanza, na kwenye kikao kile wanaume sita walijadili mali yangu huku nikiwagawia chai. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa kwenye eda, siyo kwa sababu nilikubali.

Sijutii hata moja katika hayo. Ungamo langu halina toba ndani yake. Nimeitafuta sana sijaiona.

Sasa kuhusu kisu. Nikitoka peke yangu ninaogopa kitu kimoja, nacho si kufa. Ni kamba. Siku itakaponinasa pale mlangoni, siwezi kushuka majini. Injini itazima, nitaburutwa hadi ukutani, watakuja na boti ya uokoaji na taa zao, na dada yako ataitwa kutoka maabara. Hapo itakuwa basi. Nitamaliza siku zangu nikitazama funguo.

Nawe una lako. Ulishuka siku ile, ukakaa chini kuliko kawaida, ukapanda midomo imebadilika rangi. Jioni ukafunga begi. Hujarudi tangu hapo, hata sikukuu. Sikuulizi. Lakini usiniletee habari za samaki wanaofia kwenye madema kama kuna jambo lako lingine.

Siombi ruhusa, mwanangu. Ruhusa nimejipa. Naomba chuma.

Shangazi yako

*

30 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa. Nilianza barua hii mara nyingi.

Hilo la ini sijui niliandikie nini. Nimelisoma nikiwa kazini, nikaenda kukaa ndani ya boti mbovu mpaka king’ora cha chakula kikalia.

Nakujibu lile usilouliza. Kule chini kamba ilikuwa imejizungusha kwenye propela mara nyingi sana, na nilipokuwa nakata, wimbi lilinyanyua mashua na mzunguko mmoja ukanikaza kifundo cha mkono. Kisu kilinidondoka. Nilikiona kinakwenda chini kikimeta. Nikabaki nimefungwa kwenye mashua kama boya, nikisikia hatua zako juu ya kichwa changu, ukitembea huku na huko, na sikuweza hata kugonga. Sijui nilijinasuaje. Ngozi iliyobaki pale ndiyo alama ninayowaambia watu ni ya kuungua.

Mimi ni fundi wa mashua, Shangazi, na tangu siku ile siwezi kuingiza kichwa kwenye ndoo. Naoga kwa kikombe. Wenzangu wananitania, nasema nina sikio bovu. Sikusema kwako kwa sababu ungeniambia ni jambo dogo.

Ndani ya kifurushi hiki kuna kikata kamba. Nusu. Nusu ya pili ninayo mimi, na nitakuja nayo mwenyewe mwezi wa nane nikipata likizo. Najua unaelewa kwa nini. Nusu moja haikazwi kwenye kitu chochote. Kwa hiyo utaningoja, na mashua itakaa gatini mpaka nifike. Ni ujanja, najua. Nimejifunza kwako.

Nisubiri tafadhali.

Fundi

*

24 Juni

Mwanangu,

Uniwie radhi kwa mwandiko. Nimelala chali na karatasi iko juu ya kitabu, kitabu juu ya tumbo, na tumbo siku hizi lina mambo yake.

Nusu yako ilifika salama. Nilikaa nayo mezani jioni nzima, nikaipenda. Kisha asubuhi nikaipeleka kwa mkereza vyuma.

Ulifikiri nitakaa na nusu kisu nikikungoja? Umesahau unamwandikia nani. Mkereza aliigeuza mara mbili mkononi, akauliza, “Nyingine iko wapi?” Nikamwambia imekamatwa mateka. Akatafuta chuma kisichoshika kutu na kunichongea mwenzake. Nusu hiyo ilikuwa nzito kuliko yako. Vipande visivyolingana uzito vingetikisa shafti mpaka bushi ife, hilo sihitaji kuambiwa na fundi. Nikachukua mizani ya jikoni na tupa, nikakaa barazani nikapunguza, nikapima, nikapunguza tena. Mikono ilitetemeka, na kwa kazi ya tupa mikono inayotetemeka ni nusu ya kazi.

Hapo ndipo dada yako aliponinasa. Hakuikuta mashua wala hakuniona baharini. Alipima unga akakuta vumbi la chuma kwenye mizani. Alipiga kelele ambazo hata redio ya mwenye nyumba wako isingezifikia. Aliyasema yote: kliniki, ini, uongo, baba yake, wewe. Nami nikayasema yangu. Kisha akaketi sakafuni, mtu mzima na cheo chake, akauliza, “Huko nje unafanya nini peke yako?” Nikamwambia, “Naendesha.” Ufunguo wowote hakunipa, lakini asubuhi nilikuta mlango wa mbele haujafungwa.

Mashua tuliiegemeza kwenye ukuta wa gati wakati wa maji kupwa. Mtega madema ndiye aliyelala kwenye tope chini yake na kukaza boliti.

“Mwalimu,” akasema kutoka huko chini, “unajua unanifungisha kisu cha kukatia kamba zangu mwenyewe?”

“Kaza vizuri basi.”

“Ningekuwa na akili ningekilegeza.”

“Ungekuwa na akili nisingekufukuza darasani.”

Alikaza, mwanangu. Nilikagua.

Maji yalipojaa nikatoka. Nilipofika mlangoni upepo ukafa kama kawaida, nikawasha injini. Na kamba moja ilikuwa inaelea, ya kijani. Aliisahau, au aliiacha kwa makusudi, sitawahi kujua. Ningeweza kuikwepa. Nilikaza usukani nikaielekea.

Mlio ulikuwa mdogo. Tak, kama mtu anayevunja kijiti mfukoni. Injini haikubadili hata sauti. Nilitazama nyuma nikaona ncha mbili zikitengana kwenye povu, na boya likielea pembeni. Nililiopoa kwa upondo nilipokuwa narudi, nikalitundika kwenye msumari, na jioni ile ile mwenye dema alilipata dema lake likiwa na pweza mkali ndani.

Hiyo ilikuwa safari yangu ya mwisho. Sikuijua kuwa ya mwisho nilipokuwa ndani yake, na hilo nalishukuru. Siku ya tatu miguu ilikataa, na sasa nimeletewa kitanda sebuleni, karibu na dirisha. Dada yako hulala kwenye kochi. Hagusi tena habari za funguo.

Sasa lako. Uliandika kwamba ningesema ni jambo dogo. Si dogo. Nilikuwa juu, nikisikia ukimya chini ya miguu yangu, na nilitembea huku na huko kwa sababu sikujua kuogelea. Ndiyo. Wewe ndiye mtu wa kwanza kulisikia. Nahodha wa kweli wa familia hii hajawahi kujua kuogelea, na kila mtu aliyeshuka chini ya mashua ile alishuka kwa niaba yangu. Mume wangu kila mara, wewe mara moja. Unadhani nilikitaka chuma kile kwa ajili ya safari zangu tu? Safari zangu zilikuwa zinahesabika.

Njoo mwezi wa nane kama ulivyosema. Usije mapema kwa kukimbia. Mabasi ya haraka yanaua watu wasio na ini bovu. Lete nusu yako, iweke kwenye sanduku la vipuri. Iliyofungwa imekaa na sitaki iguswe. Badilisha zinki. Mashua ni yako, nimeandika na dada yako ametia saini kama shahidi, kwa hasira, lakini ametia. Msiitishe kikao. Mkikaa kikao nitajua.

Ukinikuta, utanibeba hadi gatini, utashika usukani, nami nitakaa mbele nikugombeze. Usiponikuta, maliza mazishi, kula, lala, na asubuhi utoke. Usiipandishe juu ya magogo kwa heshima yangu. Heshima hiyo siitaki. Upepo utakufa pale ukutani. Washa injini, usitazame maji, pita katikati ya maboya yote kwa mwendo wako. Ukisikia tak, usisimame. Hakuna mtu wa nyumba hii atakayeshuka tena chini ya mashua ile.

Shangazi yako